Idi Haina Kosa



Nimeombwa nizungumzie jinsi mtu anavyoweza kuilinda afya yake na bado akafurahia maisha yake ya kila siku. Kwa miaka mingi jambo hili limekaa mezani pangu, kwa kuwa kazi yangu ni ya lishe, na kliniki nilizozitumikia ni zile ambazo watu huziita za sukari na presha. Nitasema mapema ninaloliamini, msije mkakaa mkilisubiri. Pilau ya Idi na ya Krismasi, sinia la harusi, vitumbua vya Maulidi, vyote hivi vimebebeshwa lawama isiyo yao. Tunaugua kwa siku za kawaida. Tunaugua kwa chai ya Jumatatu asubuhi, kwa chumvi ya kila mchuzi, kwa kiti tunachokikalia kutwa, kwa usingizi tunaoupunguza kila usiku. Anayetaka kujikinga na azitengeneze siku hizo, kisha siku ya furaha ikifika akae na wenzake ale.

Najua maneno haya yanawashtua baadhi ya wenzangu wa kazini. Wamezoea karatasi. Mtu akigunduliwa ana sukari hupewa karatasi yenye safu mbili, na safu ya makatazo ndiyo ndefu: wali, chapati, sembe, ndizi mbivu, embe, nazi, maandazi, viazi, nyama nyekundu. Ukiitazama karatasi ile kwa macho ya mtu wa pwani, umemkataza karibu kila kitu alicholelewa nacho.

Sasa tumfuate mwenye karatasi mpaka nyumbani. Ni mwanamume wa makamo, mwenye mke na watoto. Mkewe, kwa mapenzi yake yote, anaanza kumpikia chungu cha peke yake: mchicha wa kuchemsha usio na chumvi, ugali kidogo, samaki asiye na mchuzi. Watoto wanakula na mama yao sinia moja, baba yuko pembeni na kisahani chake. Wiki ya kwanza anavumilia. Wiki ya tatu ameanza kula nje, kwa muuza chipsi na kwa mama ntilie, huko ambako hakuna anayemtazama. Mwezi wa tatu haji kliniki, maana anajua sukari imepanda na anaogopa kugombezwa. Anapokuja tena haji mwenyewe, analetwa, na mguuni ana kidonda. Nimemwona mtu huyu kwa sura nyingi, wanaume kwa wanawake, na kila nikimwona huumia moyo, kwa sababu hakushindwa na tamaa. Alishindwa na upweke tuliomwandikia sisi kwa kalamu.

Wengine mtaniambia kwamba wazee wetu walikula kila kitu na hawakuugua, basi tule tu. Hilo nalo halisimami, na ni vizuri tulitazame kwa ushahidi uliopo.

Mwaka 1929 daktari mmoja aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo ya Kusini, upande wa Kisii nchini Kenya, jina lake Donnison, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya presha vya watu kama 1,000 wa eneo lile. Aliona jambo ambalo Ulaya halikuwapo: presha za watu wale hazikupanda kwa umri. Baada ya miaka 40 zilielekea kushuka. Miaka mingi baadaye Hugh Trowell, daktari aliyetumikia Kenya na Uganda kwa takriban miaka 30, mwaka 1956 aliandika pamoja na mwenzake habari za mgonjwa mmoja tu Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja alitosha kuwa habari ya jarida la tiba. Leo wagonjwa wa namna hiyo wamejaa wodini, na hakuna anayeandika juu ya mmoja.

Ni nini kilichobadilika? Damu yetu ni ileile. Wajaluo walitoa jibu zuri katika utafiti ulioongozwa na Neil Poulter, uliochapishwa mwaka 1990. Watafiti waliwafuata watu waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya, ambako presha zilikuwa za chini, wakahamia Nairobi. Katika miezi ya mwanzo tu ya kukaa mjini presha zao zilikuwa juu kuliko za wenzao waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulionyesha chumvi imezidi na potasiamu imepungua, yaani madini yale tunayoyapata kwa wingi katika mboga, maharage na matunda. Haikuhitaji kizazi kizima. Ilihitaji kubadilisha kijiji kwa mji, na chakula cha kila siku kwa kingine.

Na kwetu Tanzania Bara, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wazima ulikuta karibu mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na karibu asilimia 9 wana sukari ya juu kwenye damu.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Je, hao wazee wa zamani hawakuwa na karamu? Walikuwa nazo, tena kubwa. Harusi ya pwani ilichukua siku nyingi, mbuzi walichinjwa, halua ilipikwa, ngoma ilikesha. Bara kulikuwa na mavuno, kulikuwa na pombe ya ulezi na ya ndizi, kulikuwa na nyama ya kuchoma iliyoliwa mpaka watu wakalala palepale. Karamu haikuwaangusha. Tofauti yao na sisi iko katika siku iliyofuata karamu. Kesho yake walirudi kwenye muhogo, kunde, kisamvu, dagaa, uji wa mtama, na jembe. Sisi kesho yake tunarudi kwenye chai ya vijiko vitatu, maandazi mawili, daladala, kiti, chipsi mayai, soda, na kiti tena.

Tufanye hesabu pamoja, maana hesabu hii imewafungua macho watu wengi kuliko karatasi za makatazo. Kijiko cha chai kisichorundikwa hubeba sukari kama gramu 4. Mtu anakunywa vikombe vitatu kwa siku, asubuhi, saa nne na jioni, kila kikombe vijiko vitatu. Hivyo ni vijiko 9, gramu 36. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na likasema ni bora zaidi mtu akiishia nusu ya hapo, gramu 25. Chai peke yake imeshavuka 25. Akinywa na soda moja ya mililita 350, ameongeza gramu 35 hivi, na sasa amevuka hata 50. Na bado hajala andazi.

Zidisha zile gramu 36 za chai kwa siku 365. Unapata kilo 13 za sukari kwa mwaka, kwa chai tu. Kisha chukua mtu mpenda halua, aalikwe harusi nne kwa mwaka, na kila harusi ale robo kilo nzima ya halua, jambo ambalo wachache wanaliweza. Ni kilo moja ya halua, na ndani yake si sukari yote. Kilo 13 dhidi ya pungufu ya kilo moja. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kinajazwa kwa kijiko cha chai. Lakini tazama tunavyofanya: ndugu mwenye sukari akionja halua mbele za watu, ukumbi mzima unamkodolea macho, na akikoroga vijiko vitatu kila asubuhi nyumbani kwake hakuna anayesema neno.

Chumvi nayo ni hivyohivyo. Mtu mzima anatakiwa asifikishe gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hiyo ni chumvi yote, ya sufuriani, ya mezani na iliyojificha. Iliyojificha ndiyo inayotuponyoka: viungo vya pakiti vya kutia kwenye mchuzi, mkate, soseji, papa mkavu na ng'onda. Mimi napenda papa wa nazi na sitamwambia mtu wa Tanga au wa Pemba aachane naye. Namwambia amloweke usiku kucha, maji ayamwage, aloweke tena, halafu asitie chumvi nyingine katika mchuzi. Ladha ya papa haiendi popote.

Sasa, kwa nini nisiseme tu acheni vyote, nikawa salama? Kwa sababu katazo la moja kwa moja lina tabia yake, na tabia hiyo imechunguzwa. Mwaka 1975 watafiti wawili wa Marekani, Herman na Mack, waliwapa wanafunzi wa kike kinywaji kizito cha maziwa, kisha wakawawekea aiskrimu wale watakavyo. Wale ambao hawana desturi ya kujinyima walikula aiskrimu kidogo, maana walishashiba. Wale wanaojibana kila siku wakafanya kinyume: walipokunywa maziwa walikula aiskrimu nyingi kuliko wasipokunywa kitu. Kwa nini? Kwa sababu mpaka umeshavunjwa, basi siku imeharibika, wacha tule tuanze kesho. Nadhani kila mmoja wetu humu anamjua mtu wa namna hiyo. Mgonjwa wa sukari akila kitumbua kimoja anajiona ameasi, na aliyeasi hurudia hata vitano. Angekuwa ameambiwa kitumbua kimoja kina nafasi yake, angekula kimoja, akafuta mikono, akaendelea na mazungumzo.

Na mazungumzo yenyewe ni afya. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148, zenye watu zaidi ya 308,000 waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka saba na nusu. Waliokuwa na mahusiano imara na watu walikuwa na nafasi ya kubaki hai kubwa kwa asilimia 50 kuliko wapweke. Tofauti hiyo inalingana na ile ya kuvuta sigara na kuacha. Kwa hiyo baraza la jioni, bao chini ya mwembe, kina mama wanaosukana nywele ukumbini, vyama vya kufa na kuzikana, kwaya, yote haya yahesabiwe pamoja na dawa. Tunapomtoa mtu kwenye sinia la wenzake ili tumpunguzie wali, tumemnyang'anya kinga nyingine ambayo hospitali haina pa kuinunua. Wali unaweza kupunguzwa sinia likiwa lilelile. Mboga na samaki viongezwe, mkono uanze na mboga, na kila mtu pale kwenye sinia amepata faida, wakiwamo watoto ambao bado hawajaugua.

Kuna ushahidi mpya wa karibu kabisa, wa hapahapa kwetu, ambao ningependa kila kijana aufahamu. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi, pamoja na wenzao wa Uholanzi, walichapisha katika jarida la Nature Medicine kazi waliyoifanya Kilimanjaro kwa wanaume 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha asili cha kijijini, ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa, walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye chakula cha kisasa cha soseji, mkate mweupe na chipsi. Waliozoea cha kisasa walihamishiwa kwenye cha asili. Wiki mbili tu! Waliohamia cha kisasa damu yao ilianza kuonyesha dalili za uvimbe wa ndani, na kinga yao ikawa hafifu dhidi ya vijidudu. Waliorudi kwenye cha asili dalili hizo zilipungua, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Kundi la tatu lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi na ulezi kilichochachushwa, kwa wiki moja, nalo dalili za uvimbe zilipungua. Simhimizi asiyekunywa pombe akanywe mbege, wala anywaye asidhani nimempa ruhusa ya kreti zima. Ninachokiona hapa ni kwamba chakula kilichowasaidia watu wale hakikuwa cha adhabu. Kilikuwa chakula cha bibi zao, chenye ladha, chenye jina, chenye nyimbo. Hakuna aliyewapelekea kisahani cha peke yao.

Hapo ndipo tumaini langu lilipo. Mapishi yetu hayahitaji kuzikwa, yanahitaji kutengenezwa. Tui jepesi likatumika kupikia, tui zito likatiwa kidogo mwishoni kwa harufu. Chumvi ikatiwa chakula kikiwa karibu kuiva, na ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na bizari zikafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na kijiko cha pili cha chumvi. Dona mahali pa sembe, hata kwa kuchanganya nusu kwa nusu mpaka watoto wazoee. Chapati ya Jumapili ibaki ya Jumapili. Kunde na maharage yarudi mezani kwa heshima yake, yasiwe chakula cha siku mfuko ukiwa mtupu. Embe liliwe lenyewe, bichi au bivu, badala ya kuwa juisi ya maembe matatu na sukari juu yake.

Ulimi hufundishika. Ukipunguza sukari ya chai ghafla, kesho utairudisha. Ukipunguza nusu kijiko, ukakaa hapo wiki kadhaa, kisha nusu nyingine, itafika siku utapewa chai ya zamani uione kama asali. Watafiti wa London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoesha jambo dogo jipya la kila siku. Kwa wastani jambo lilianza kufanyika lenyewe baada ya siku 66, wengine 18, wengine zaidi ya 200. Na walioruka siku moja hawakupoteza safari yao. Nimeona hilo likiwatuliza watu wengi sana: siku uliyoteleza haifuti zilizotangulia.

Kuna mambo mawili ya mbali kidogo ambayo yananipa ujasiri wa kuwaambia wakubwa wetu kwamba sehemu ya mzigo huu ni yao. Mauritius, kisiwa cha bahari yetu hii ya Hindi, mwaka 1987 serikali ilibadilisha mafuta ya kupikia ya bei nafuu, ikapunguza ya mawese na kuweka ya soya. Watu waliendelea kukaanga samosa zao kama kawaida. Miaka mitano baadaye wastani wa kolesteroli ya watu wazima ulikuwa umeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7, na inaonekana mabadiliko ya mafuta yalichangia sehemu yake. Huko China, utafiti katika vijiji 600 ulihusisha watu karibu 21,000, wengi wao wakiwa wameshapata kiharusi. Watu wa nusu ya vijiji hivyo walipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa chumvi ya potasiamu. Walipika mapishi yaleyale. Baada ya miaka mitano hivi, matokeo yakachapishwa mwaka 2021: viharusi vilipungua kwa asilimia 14. Angalizo moja tafadhali, na mlichukue kwa uzito: mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia baadhi ya dawa za presha, asiinunue chumvi hiyo kabla ya kumwuliza daktari wake, maana potasiamu ikizidi huweza kuusimamisha moyo.

Nihame jikoni niende kwenye mwili. Kando ya Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao bado wanawinda, wanachimba mizizi na kurina asali. Wamefuatiliwa sana na wanasayansi. Asali ndicho chakula wanachokipenda kuliko vyote, na wakiipata hawaipimi kwa kijiko. Wanapumzika mchana kwa muda wa karibu saa 10, sawa na watu wa mijini, isipokuwa sehemu ya mapumziko yao ni ya kuchuchumaa na kupiga magoti, na misuli ya miguu inabaki kazini. Mwendo wao wa kufanya moyo uende mbio hupita saa mbili kwa siku. Mioyo yao ni mizuri mpaka uzeeni.

Lakini mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nishati ambayo miili yao huitumia kwa siku nzima, wakakuta kwamba ukizingatia ukubwa wa mwili haitofautiani sana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa maofisini. Mwili una namna yake ya kubana matumizi. Nawaomba vijana mlishike hili. Mkiambiwa kimbieni ili mlipe pilau ya jana, mmeambiwa jambo ambalo mwili hauna hesabu nalo. Mwendo unaifaa mishipa, unashusha presha, unasaidia sukari iingie kwenye misuli, unaleta usingizi, unaondoa huzuni. Si faini. Anayetembea kama mtu anayelipa deni ataacha siku deni litakapomchosha, na anayetembea kwa sababu jirani yake anamngoja pale kona saa kumi na mbili asubuhi ataendelea mpaka azeeke.

Kiwango kinachopendekezwa ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukutoa jasho kidogo. Kwenda msikitini au kanisani kwa miguu, kushuka daladala kituo kimoja kabla, kulima bustani, mpira wa jioni ufukweni, vyote vinahesabiwa. Na ngoma! Mama anayecheza msondo au vanga usiku mzima wa harusi, akiwa kwenye vigelegele na wenzake, amefanya kazi ambayo mashine ya mazoezi ingemtoza fedha. Nasikitika ninapoona harusi nyingi siku hizi watu wamekaa kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa, wanapiga picha, wanasubiri zamu ya kwenda kuchukua chakula. Ukumbi urudishiwe uwanja wa kuchezea.

Wasichana wangu, kuna chai zinazouzwa za kupunguza tumbo kabla ya harusi. Nyingi ni dawa za kuharisha. Mnapoteza maji na madini, uzito unarudi, na utumbo unabaki na shida. Msizinunue.

Nisije nikaeleweka vibaya nikaonekana nafungua milango yote. Sigara na ugoro havina kiasi chake, dawa yake ni kuacha, na mtu asaidiwe bila kudharauliwa. Anayejichoma insulini hawezi kufunga Ramadhani kwa kuamua mwenyewe. Akae na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, apangiwe dawa, na akiambiwa kufunga ni hatari kwake ajue dini imempa ruhusa. Waliofunga nao, futari ianze kwa tende na maji, na kaimati zilizochovywa shira ziwe za kuonja, si za kushibia kila siku, kwa kuwa siku 30 mfululizo hazihesabiwi tena sikukuu. Mwenye figo zilizochoka ana masharti yake, wala asiyalinganishe na ya jirani. Na mwenye sukari anayekwenda harusini atumie dawa yake kama kawaida, asiruke mlo wa mchana akidhani anaweka akiba ya usiku, maana huko ndiko sukari inakoshuka ghafla au kupanda kwa kishindo.

Kuna jambo jingine, la haki, linalonisumbua. Karatasi ya kliniki huandikwa kwa jina la mume, kazi hufanywa na mke. Yeye ndiye anayekwenda sokoni, anayepika vyungu viwili, anayelaumiwa sukari ikipanda. Akiugua yeye, mara nyingi anaendelea kuwapikia wengine wanachotaka, na yeye mwenyewe hula kilichobaki. Wanaume mliopo hapa, ombi langu kwenu ni la vitendo: nendeni kliniki na wake zenu, na wake zenu waje nanyi, maelekezo yasikiwe na wote wawili. Fedha ya mboga na matunda itengwe kama inavyotengwa fedha ya vocha. Najua fungu la mchicha halishibishi kama sahani ya chipsi kwa mwanafunzi mwenye sarafu chache mfukoni. Ndiyo sababu shule zenye mashamba yao ya mboga, na wazazi wanaochangia maharage kwa mlo wa mchana, wanafanya kazi kubwa ya tiba bila koti jeupe.

Kwa wahudumu wenzangu wa afya nasema hivi. Mgonjwa akiketi mbele yenu, kabla ya kumpa karatasi, mwulizeni Jumatatu yake ilikwendaje. Aliamka saa ngapi, alikunywa nini, vijiko vingapi, alikaa muda gani, alikula na nani, alilala saa ngapi. Katika maelezo hayo tafuteni mambo mawili yanayoweza kubadilika bila kumtoa kwa watu wake, mwandikieni hayo mawili, na mwezi ujao mwulizeni hayohayo. Akisema ameshindwa, tafuteni mengine, wala msimgombeze. Na mwulizeni pia ni karamu gani inakuja nyumbani kwake, ili mpange pamoja dawa na kiasi, aende akacheke na ndugu zake.

Muda wangu umekwisha, na maswali nitayapokea. Pale mlangoni, upande wa kushoto, wauguzi wawili wameweka mashine za presha, na kipimo hakilipiwi. Presha ya juu mara nyingi haiumi, mtu hukaa nayo miaka bila kujua, kwa hiyo hata anayejiona mzima aketi apimwe. Keti kwanza dakika tano bila kuzungumza, mkono uegemezwe mezani, na waliotoka kunywa kahawa sasa hivi wangoje nusu saa. Wanaotaka kupima sukari kabla ya kula waandikishe majina, waje kesho asubuhi saa moja bila kuweka kitu mdomoni isipokuwa maji, na baada ya kupimwa kutakuwa na chai na mihogo ya kuchemsha kwa wote.